Kiamsha kinywa cha wanachama wa hoteli: kwa nini haki hubadilika kila ninapobadilisha hoteli?

Msafiri wa Malindi anauliza:

Assalamu alaykum, na salamu kwa ndugu wote. Ninaishi Malindi, na kazi yangu katika mambo ya uvuvi na mikoko hunipeleka mikutanoni Nairobi, Mombasa, na mara nyingine Dar es Salaam na Addis Ababa. Kwa sababu hiyo nilijiunga na programu ya wanachama ya kampuni moja kubwa ya hoteli za kimataifa, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa nia yangu ni kuuelewa utaratibu. Baada ya kulala katika hoteli zake kwa muda mrefu nimefikia daraja ambalo, kwa mujibu wa barua pepe ya pongezi niliyotumiwa, linanipa kiamsha kinywa bila malipo, mimi pamoja na mgeni mmoja nitakayekuwa naye chumba kimoja.

Tatizo ni kwamba sijaona ahadi hiyo ikitekelezwa kwa namna moja. Katika hoteli moja ya Nairobi tulikaribishwa mgahawani, mimi na mke wangu, na hakuna aliyetuuliza neno wala kutuletea bili. Katika hoteli nyingine ya kampuni hiyo hiyo, jijini humo humo, ila yenye jina tofauti mlangoni, niliambiwa nichague kati ya pointi chache, yaani alama ambazo mwanachama hukusanya na kulipia vyumba, na kiamsha kinywa. Katika ya tatu mhudumu alinieleza kwamba haki yangu ni mkate, matunda na kahawa, na kwamba yai na kila kitu cha moto hulipiwa nyongeza, ilhali bafe ni moja na imepangwa mahali pamoja. Na katika hoteli moja nje ya nchi niliambiwa kuwa, kwa sababu mwajiri wangu alilipa kupitia wakala, uanachama wangu hautambuliwi kabisa kwa safari hiyo.

Ninauliza sasa kwa sababu ninatarajia kumpeleka mama yangu Nairobi kwa matibabu. Ana kisukari, na daktari amemwagiza ale kwa saa maalumu. Dada yangu atafuatana nasi, kwa hiyo tutahitaji vyumba viwili. Bei ya kiamsha kinywa kimoja katika hoteli za aina hii inaweza kulisha nyumba nzima mtaani kwetu kwa siku, na kwa watu watatu gharama hiyo lazima niipange kabla ya kuondoka. Ningependa kujua ni nani hasa anayeamua: kampuni iliyonipa kadi, au meneja wa hoteli ninayolala? Je, mwanachama anaweza kupata uhakika wa maandishi kabla hajafika? Na sheria ya Kenya inasemaje juu ya ahadi ya aina hii?

Mapokezi anajibu:

Wa alaykumu ssalam, ndugu yangu, na pole kwa maradhi ya mama. Mwenyezi Mungu amjaalie afya. Nilifanya kazi kwenye dawati la mapokezi la hoteli ya kampuni ya kimataifa jijini Nairobi kabla ya kurudi nyumbani Malindi, ambako ninaendelea na kazi hiyo hiyo katika hoteli ya ufukweni isiyo na programu yoyote ya wanachama. Nimekaa upande wa pili wa dawati ambapo maswali yako huulizwa, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu kidogo.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba hoteli nyingi zenye majina makubwa si mali ya kampuni yenye jina. Jengo ni la mwekezaji, ambaye aghalabu ni wa nchini; kampuni ya kimataifa ama huiendesha hoteli kwa mkataba wa uendeshaji na kulipwa ada, ama humkodisha mwenye jengo jina lake, mfumo wa kuweka nafasi na kanuni za huduma, kisha uendeshaji wa kila siku hubaki mikononi mwa mwenyewe au mtu aliyemwajiri. Programu ya wanachama ni ya kampuni. Hoteli huchangia programu hiyo sehemu ya kile ambacho mwanachama ametumia, na mwanachama anapolala kwa pointi, programu huilipa hoteli kwa hesabu waliyokubaliana. Lakini kiamsha kinywa anachopewa mwanachama kwa sababu ya daraja lake mara nyingi hugharimiwa na hoteli yenyewe, yaani mayai, gesi na mshahara wa mpishi vinatoka mfukoni mwa mtu ambaye hakukuandikia ile barua pepe ya pongezi. Aliyeahidi ni mmoja na anayelipa ni mwingine, na kutoka hapo ndipo yanapozaliwa karibu matatizo yote uliyoyataja.

Meneja wa chakula hupimwa kila mwisho wa mwezi kwa gharama za jikoni. Kanuni ikimruhusu kutoa kidogo, wapo watakaotoa kidogo, na wapo watakaotoa zaidi ya kanuni kwa sababu wanamtaka mgeni arudi. Nimefanya kazi chini ya mameneja wa aina zote mbili ndani ya jengo lile lile, na kanuni iliyoandikwa haikubadilika hata neno moja kati yao. Kwa hiyo jibu la swali lako la nani anaamua ni kwamba kampuni huweka kiwango cha chini ambacho hoteli hairuhusiwi kushuka, na kilicho juu ya hapo ni hiari ya hoteli. Hoteli ya kwanza iliyokukaribisha bila maswali inawezekana ilikupa zaidi ya ulichostahili, na ile iliyokupa mkate na matunda inawezekana ilisimama kwenye mpaka wa kanuni.

Jambo la pili ni jina la mlangoni, ambalo umeliona mwenyewe. Kampuni moja inaweza kuwa na chapa, yaani majina ya mlangoni, zaidi ya ishirini, na kila chapa ina sharti lake la kiamsha kinywa. Wewe unaona kampuni moja kwa sababu kadi ni moja. Sisi mapokezini tulikuwa na mwongozo wa chapa yetu tu, na wenzetu wa mtaa wa pili walikuwa na wao.

Jambo la tatu ni bei uliyonunulia chumba. Mfumo wa mapokezi huonyesha daraja la mgeni, lakini huonyesha pia msimbo wa bei yake, na msimbo huo ndio unaofungua au kufunga haki. Nafasi iliyonunuliwa kupitia tovuti ya watu wengine au kupitia wakala anayenunua vyumba kwa jumla kwa kawaida haihesabiwi kuwa makazi yanayostahili manufaa ya daraja. Mwajiri anayelipa kwa mkataba wake wa moja kwa moja na hoteli ni jambo jingine, na hapo haki mara nyingi hubaki. Hili linawaumiza hasa watu wa mashirika na serikali za kaunti, kwa kuwa safari zao hupangwa na ofisi, na msafiri hajui tikiti na chumba vimenunuliwa wapi hadi anapofika.

Liko pia jambo ambalo wageni hawalioni. Usiku, mhasibu wa zamu anapofunga hesabu za siku, huchapishwa orodha ya vyumba vyenye kiamsha kinywa, na orodha hiyo ndiyo anayosimama nayo mhudumu wa mlangoni asubuhi. Ikiwa aliyekupokea hakuambatisha kiamsha kinywa kwenye nafasi yako, chumba chako hakitakuwemo, na mhudumu atakuletea bili hata kama haki yako ni kamili. Ugomvi mwingi wa mgahawani asubuhi hutokana na orodha hiyo, na mhudumu anayelaumiwa hana uwezo hata wa kuifungua kompyuta. Kwa hiyo unapofika hotelini, usitosheke kuambiwa kwamba kila kitu kiko sawa. Mwombe mtu wa mapokezi aandike kwenye bahasha ya kadi ya mlango idadi ya watu, mgahawa na saa, kisha atie sahihi. Hakuna mhudumu atakayebishana na mwandiko wa dawati la mbele.

Mfanyabiashara wa Lamu anajibu:

Ndugu Mapokezi ameeleza mzizi wa jambo vizuri sana. Mimi ninatoka Lamu na biashara yangu hunipeleka Dubai na Nairobi mara kwa mara, na kwa kuwa nimezisoma kanuni za programu kadhaa kabla ya kuchagua ya kwangu, ningependa kuonyesha jinsi ambavyo tofauti hizo zimeandikwa tangu mwanzo. Watu hudhani ni uzembe wa hoteli moja moja, na mara nyingine ndivyo, lakini sehemu kubwa imo katika kanuni zenyewe.

Marriott Bonvoy, programu ya hoteli za Marriott, huanza kutoa kiamsha kinywa katika daraja la Platinum, ambalo hufikiwa kwa usiku 50 katika mwaka. Mwanachama wa Gold, wa usiku 25, hana haki hiyo, na hapa wengi hukosea kwa sababu katika Hilton Honors daraja la Gold linayo. Hata kwa Platinum, katika baadhi ya chapa haki hiyo ni kuingia katika ukumbi maalumu wa wanachama, katika nyingine ni moja ya zawadi za kukaribishwa ambazo mgeni huchagua badala ya pointi, na katika Ritz-Carlton haimo kabisa. Programu hiyo ilitokana na kuunganishwa kwa programu za Marriott, Ritz-Carlton na Starwood mwaka 2018, kisha ikapewa jina la Bonvoy mwaka 2019, na kila upande uliingia na desturi zake. Ninaamini kwamba kile ulichokutana nacho cha kuchagua kati ya pointi na chakula, ikiwa kampuni yako ni ya mfano huo, ni masalio ya muungano wa namna hiyo ambayo hakuna aliyechukua jukumu la kuyasawazisha.

Hilton ilibadilisha haki hiyo nchini Marekani mwaka 2021, ikaweka kiasi fulani cha fedha cha kila siku cha kutumia kwa chakula na vinywaji hotelini, ilhali nje ya Marekani kiamsha kinywa kilibaki. Mkenya anayesoma maelezo yaliyoandikwa na Mmarekani mtandaoni anaweza kudhani amepunjwa Nairobi, au kinyume chake akafika New York akitarajia bafe na kukuta kiasi ambacho hakitoshi kununua sahani moja. Ndugu yangu ukitafuta maelezo, tazama kwanza yanazungumzia nchi gani na yameandikwa mwaka gani.

IHG One Rewards, programu ya kampuni ya IHG iliyopangwa upya mwaka 2022, huwapa wanachama wa Diamond kiamsha kinywa kama mojawapo ya zawadi za kuchagua wanapofika, na daraja hilo huhitaji usiku 70 au kiasi kikubwa cha pointi. Accor nayo iliweka kiamsha kinywa cha Diamond kwa siku za mwisho wa wiki, jambo ambalo kwa mtu wa mikutano, anayelala hotelini kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, halina faida yoyote.

Programu ninayoiona imetendea haki wateja wake ni World of Hyatt, ingawa hoteli zake ni chache katika sehemu zetu. Ya jirani inayofahamika zaidi kwa watu wa pwani ni Park Hyatt iliyoko Mji Mkongwe, Zanzibar. Mwanachama wa Globalist, anayefikia usiku 60, katika hoteli isiyokuwa na ukumbi wa wanachama hupewa kiamsha kinywa kamili, na kanuni inaeleza nini maana ya kamili: mlo mmoja wa kuagiza au bafe ya kawaida, maji ya matunda, na kahawa, pamoja na kodi na ada ya huduma. Inaeleza pia ni watu wangapi, yaani watu wazima wawili na watoto wawili walioandikishwa katika chumba hicho. Mhudumu hawezi kukwambia kwamba yai halimo, kwa sababu kanuni haikumwachia nafasi ya kufasiri. Ukilinganisha na kampuni inayoandika tu neno kiamsha kinywa na kuwaachia mameneja maelfu duniani waamue kama yai ni sehemu yake, utaona kwamba tatizo linatatulika, na kwamba kampuni ambazo hazijalitatua zimechagua kutolitatua kwa sababu utata huo huwaridhisha wenye majengo bila kuwafukuza wanachama.

Jambo moja kuhusu vyumba viwili. Kadiri nilivyosoma, manufaa ya daraja huhusu chumba anacholala mwanachama mwenyewe. Unaweza kupata pointi kwa vyumba zaidi ya kimoja katika baadhi ya programu, lakini pointi ni kitu kimoja na chakula ni kingine. Kwa hiyo katika hesabu zako wale watakaolala chumba cha pili watalazimika kulipa, isipokuwa hoteli ikubali kwa hiari.

Wakili wa Malindi anajibu:

Nitajibu sehemu ya sheria kwa ufupi, na kwa jumla tu, kwa kuwa sijasoma masharti ya programu husika.

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mlaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa au huduma. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha katika biashara, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 ina makatazo yanayofanana na hayo, ambayo husimamiwa na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Kwa hiyo hoteli iliyoko Nairobi haiwezi kusema kwamba kwa kuwa programu ni ya nje, kile inachokitangaza hapa hakina mwenye kukiuliza.

Ugumu uko kwenye ushahidi. Masharti ya programu hizi kwa kawaida huipa kampuni uwezo wa kuyabadilisha wakati wowote, na huweka sheria ya nchi nyingine kuwa ndiyo itakayotumika katika mgogoro. Lakini yale ambayo hoteli yenyewe imekuandikia kwa barua pepe kabla hujalipa ni ahadi ya hoteli, si ya programu, na ndiyo yenye nguvu zaidi mikononi mwako. Ushauri wangu ni kwamba mgeni asijadili kadi yake. Ajadili barua ya hoteli. Ikiwa amelipishwa kinyume cha barua hiyo, aandike malalamiko kwa meneja mkuu akiambatisha risiti, kisha kwa Mamlaka. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, lakini kwa bili ya kiamsha kinywa sidhani kama kuna mtu angependa kufika huko, na katika kazi yangu sijaona haja hiyo pale ambapo mteja alikuwa na maandishi mkononi. Hoteli hurudisha fedha.

Mwenye Nyumba ya Wageni, Lamu, anajibu:

Assalamu alaykum. Ninaomba kuongeza mtazamo wa sisi wenye nyumba ndogo, kwa sababu neno bure limetumika hapa mara nyingi na mimi kama mtu anayenunua unga, nazi na mbaazi kila wiki ninalitazama kwa namna nyingine.

Hapa Mji wa Kale na kule Shela, nyumba nyingi za wageni huuza chumba pamoja na kiamsha kinywa kwa bei moja. Mgeni hupanda juu ya dari, akaletewa mahamri na mbaazi za nazi, au mayai na mkate, papai au maembe kwa msimu, na chai ya maziwa yenye iliki. Anayekuja kwa mara ya kwanza hula sawa na anayekuja kila mwaka wakati wa Maulidi. Hakuna daraja, na sijawahi kumsikia mgeni akilalamika kwamba mwenzake wa chumba cha pili amepewa zaidi. Aliyeahidi chakula ndiye huyo huyo anayekipika na ndiye anayekilipia, na mgeni akiona kasoro anajua mlango wa kubisha. Siwezi kusema kwamba hatuna kasoro, kwani wapo wenye nyumba wanaopunguza sahani wageni wanapokuwa wengi, na hilo ni kosa lile lile.

Ninachotaka ndugu yetu wa Malindi akizingatie ni hesabu. Hoteli nyingi za Nairobi huuza chumba kile kile kwa bei mbili: bei ya chumba peke yake, na bei ya chumba pamoja na kiamsha kinywa cha mtu mmoja au wawili. Tofauti ya bei hizo mara nyingi ni ndogo kuliko kulipa mgahawani asubuhi, ambako utatozwa bei kamili yenye kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2, na pengine ada ya huduma juu yake. Kwa chumba cha mama na dada, ambacho kadi haikifikii, nunua bei yenye chakula ndani yake tangu mwanzo, halafu usiwe na la kumwomba mtu. Kadi yako itumike kwa chumba chako tu. Aidha, tazama pia hoteli za wenyeji zisizokuwa na kadi yoyote, zilizo karibu na hospitali mnayokwenda. Mgonjwa wa kisukari hufaidika zaidi na jikoni linalokubali kumpikia uji wake saa kumi na mbili na nusu kuliko bafe kubwa inayofunguliwa saa moja.

Nina swali langu pia kwa ndugu Mapokezi. Katika mwezi wa Ramadhani mimi huwapa wageni waliofunga daku badala ya kiamsha kinywa, bila kuongeza bei, na sijaona sababu ya kufanya vinginevyo. Je, mwanachama aliyefunga akilala katika hoteli hizo kubwa, haki yake inapotea kwa mwezi mzima kwa sababu tu saa ya mlo wake imehama?

Msafiri wa Malindi anajibu:

Nimeshukuru sana, ndugu zangu. Sasa ninaelewa kwamba nilikuwa nikimuuliza mtu wa mapokezi swali ambalo jibu lake lilikuwa limeshaamuliwa na chapa, na bei, na mkataba ambao hata yeye hajauona, na ninaona kwamba kampuni iliyonitumia barua pepe ya pongezi ilipaswa kunieleza hayo yote katika barua ile ile. Si haki kwamba mgeni ayajue kwa kubishana na kijana anayeanza zamu. Nitakubali ushauri wa kununua chumba cha pili pamoja na kiamsha kinywa. Limebaki jambo la saa. Kuna siku tutatakiwa kufika kliniki asubuhi na mapema, na siku ya kurudi tutaondoka kwa treni ya asubuhi, ambayo kituo chake kiko mbali na mjini. Mgahawa ukiwa haujafunguliwa, haki inakwenda wapi? Ningefurahi pia ndugu Mapokezi akinisaidia maneno ya barua ya kuiandikia hoteli.

Mapokezi anajibu:

Nitaanza na swali la Ramadhani, kwa kuwa linafanana na lako la treni. Kiamsha kinywa cha mwanachama huwekwa kwenye mfumo kama kiasi cha fedha kinachohamishwa kutoka hesabu ya vyumba kwenda hesabu ya mgahawa, na kwa upande wa mfumo haijalishi kama chakula kililiwa saa moja au saa kumi za alfajiri. Kinachozuia ni jikoni, kwa maana ya kama kuna mpishi wa zamu ya usiku, na ruhusa ya meneja. Hoteli niliyofanyia kazi Nairobi ilikuwa na wapishi wa usiku kwa ajili ya wageni wa ndege, na waliofunga walipoomba mapema walipelekewa daku chumbani badala ya bafe. Sijaona kanuni iliyolazimisha hilo, na ningependa sana ziwepo, kwa sababu mwezi mmoja kati ya kumi na miwili ni sehemu kubwa ya haki ya mtu kupotea kimya kimya. Anayelala katika mwezi huo asisubiri kufika. Aombe siku mbili kabla, wakati mpishi mkuu anapopanga zamu.

Kwa anayeondoka mapema, hoteli nyingi hufungasha chakula kwenye boksi: sandwichi, tunda, yai la kuchemsha, maji. Ni lazima kiagizwe jioni, na kwa kawaida kabla ya saa mbili usiku, kwani baada ya hapo sehemu ya jikoni inayoandaa vyakula vya baridi hufungwa. Kwa mama taja kisukari waziwazi, la sivyo boksi litajaa keki na maji ya matunda yenye sukari.

Barua iwe fupi na iwe na maswali yanayojibika kwa ndiyo au hapana. Iandike kwa idara ya kuweka nafasi ya hoteli yenyewe, si kwa kituo cha simu cha programu, kwa sababu watu wa kituo cha simu watakusomea kanuni ya jumla na hoteli haitajiona imefungwa na maneno yao. Maneno yanaweza kuwa hivi:

"Nimeweka nafasi ya vyumba viwili kupitia tovuti yenu, na nambari za nafasi ni hizi. Katika chumba cha kwanza, nitakacholala mimi, ninastahili manufaa ya daraja langu la uanachama. Tafadhali nithibitishieni kwa maandishi: kwanza, kama bei niliyonunulia inaruhusu manufaa hayo, pili, kama kiamsha kinywa changu ni bafe kamili pamoja na vyakula vya moto, au ni sehemu yake tu, na kama ni sehemu, nyongeza ni kiasi gani pamoja na kodi, tatu, kama chumba cha pili kimewekewa kiamsha kinywa cha watu wawili ndani ya bei iliyolipwa. Mmoja wa wageni ni mgonjwa wa kisukari anayehitaji kula saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tafadhali nielezeni mgahawa hufunguliwa saa ngapi, na kama haujafunguliwa saa hiyo, ni nini mtaweza kumwandalia."

Wakikujibu, chapisha barua yao na uiweke pamoja na vitambulisho. Wasipokujibu ndani ya siku tatu, piga simu na umwombe meneja wa mapokezi, si yeyote atakayepokea, na umwombe akutumie jibu wakati bado mnazungumza. Ukiona anakwepa swali la pili, yaani lile la vyakula vya moto, badilisha hoteli mapema wakati nafasi yako bado inaweza kufutwa bila malipo, kwa maana hilo ndilo swali ambalo hoteli inayokusudia kutoa kidogo haipendi kulijibu kwa maandishi.